Pumzi Aliyoificha Chiriku

Asubuhi katika wodi ya watoto ilianza kwa kelele za ndoo. Mfagizi alipita na dekio lake akiimba puani, kisha likaja toroli la chai, na kila kitanda kikapata kikombe kimoja na vipande viwili vya mkate. Watoto wengi waliuchovya mkate wao na kuumaliza kabla chai haijapoa. Msichana wa kitanda cha ukutani aliugeuzageuza wake kwanza, akaunusa, akalitazama ganda lake. Aliujua mkate huo. Ulitoka katika bekari aliyofanyia kazi baba yake, na huenda unga wake ulikandwa na mikono ya baba usiku uleule. Lilikuwa jambo la ajabu kula kazi ya mikono ya baba kila asubuhi, na huku baba mwenyewe haonekani.

Msichana huyo alikuwa na miaka kumi na miwili, na nyumbani walimwita Chiriku, kwa sababu tangu aanze kusema hakujua kunyamaza. Mama yake alikuwa na mazoea ya kusema kwamba mtoto huyu alizaliwa akiwa katikati ya hadithi. Lakini pumu ilipomkaba, Chiriku alisema maneno mawili tu, akasimama kutafuta pumzi, akasema mengine mawili. Siku aliyoletwa hospitali hata hayo mawili hayakutoka.

Sasa alikuwa amepata nafuu. Tena nafuu kubwa kuliko alivyotaka watu wajue.

"Hamjambo, wapulizaji wangu!" ilisikika sauti mlangoni.

Watoto walipiga kelele za furaha. Aliyeingia alikuwa muuguzi wa utafiti, dada mrefu mwenye viatu vyeupe, ambaye watoto walimbatiza jina la Dada Puliza. Yeye hakugawa dawa za kawaida wala hakubadilisha mashuka. Kazi yake ilikuwa kupima pumzi za watoto wenye pumu, asubuhi na jioni, kwa bomba fupi la plastiki lenye kishale pembeni. Mtoto huvuta pumzi, huweka mdomo kwenye bomba, hupuliza kwa nguvu zake zote, na kishale hukimbia. Kikiishia kwenye nyekundu, hali ni mbaya. Kikiishia kwenye njano, bado kidogo. Kikipita mstari wa kijani asubuhi na jioni, mtoto hufungasha vitu vyake akaenda nyumbani.

Hospitali ilitaka kujua jambo moja. Kwa muda mrefu, mtoto aliyebanwa na pumu alivishwa barakoa na kuvuta mvuke wa dawa kutoka kwenye mashine ya umeme. Lakini vituo vingi vidogo vya afya havina mashine hiyo, na hata penye mashine umeme hukatika mtoto akiwa bado na barakoa usoni. Je, pampu ndogo ya mkononi, ikichomekwa kwenye kichupa cha plastiki ambacho mtoto anapumulia taratibu, ingeweza kufanya kazi ileile? Ili wasipendelee upande wowote, waligawa watoto kwa kura. Kila mzazi aliyekubali alifungua bahasha, na bahasha ndiyo iliyoamua: mashine au kichupa. Chiriku aliangukia kichupa.

Dada Puliza aliketi ukingoni mwa kitanda cha Chiriku. Hakuwa na haraka, au kama alikuwa nayo aliificha vizuri.

"Chiriku, leo unaniruhusu nikupime? Ukisema hapana, ni hapana, na dawa utapewa vilevile."

Kila mara aliuliza hivyo, maana ndiyo ilikuwa sheria ya kazi yake. Chiriku aliipenda sheria hiyo kuliko kitu chochote katika hospitali nzima. Hakuna mtu mwingine aliyemuuliza kama anakubali jambo. Wengine walisema, "Geuka," "Meza," "Lala."

"Nakuruhusu, dada."

"Haya. Vuta mpaka tumbo lijae. Puliza!"

Chiriku alivuta pumzi ndefu. Ilishuka bila kupiga filimbi hata kidogo. Akaweka mdomo kwenye bomba, akatunisha mashavu kama mtu anayepuliza moto wa mkaa, akakunja uso, lakini pumzi yenyewe aliibana kooni na kuiachia nusu tu. Kishale kilipanda, kikasimama chini ya mstari wa kijani, pua na mdomo.

"Karibu kabisa!" alisema Dada Puliza. Sauti yake ilikuwa ya kumtia moyo, lakini paji la uso lilikunjamana. "Jana hapo, juzi hapo. Nini kinakuzuia, mdogo wangu?"

"Sijui," alisema Chiriku, akaangalia shuka.

Alijua sana. Nyumbani kulikuwa na chumba na sebule, na katika chumba alilala baba mchana kutwa, maana bekari ilikesha. Mama alikuwa mbali, amekwenda kumuuguza bibi aliyevunjika nyonga, na hangerudi mpaka bibi aweze kusimama. Chiriku akitoka shule alifungua mlango kwa kunyata, akatembea kwa vidole, akala peke yake, akafanya kazi za shule kwa kunong'ona. Jioni baba aliamka, akaoga, akasema, "Funga mlango vizuri, mwanangu," akaondoka. Hivyo ndivyo walivyoishi, mtu na baba yake, na kila mmoja alimwona mwenzake akiwa amelala.

Hapa wodini angalau kulikuwa na mtu mmoja aliyeketi kwenye kitanda chake, akamtazama usoni, akamuuliza alivyolala na alichoota. Kuketi huko hakukuchukua muda mrefu, lakini Chiriku aliungojea wakati huo tangu alipofumbua macho. Akipita mstari wa kijani, basi. Dada Puliza atahamia kwa mpulizaji mwingine. Kwa hiyo Chiriku aliibana pumzi yake kila siku, akajiambia kwamba hamdhuru mtu.

Jambo lililomuuma zaidi lilikuwa limetokea Jumapili iliyopita. Saa za kuwaona wagonjwa wodi ilijaa shangazi, wajomba, vikapu na vicheko. Baba alikuja. Chiriku alimwona mlangoni, akaketi haraka, akajifuta uso kwa kiganja. Lakini baba hakuingia. Alisimama palepale akiwa na shati la kazini, akamkabidhi muuguzi mfuko wenye nguo na sabuni, akainua mkono.

"U hali gani, mwanangu?" aliuliza kutoka mlangoni, kama mtu anayemsalimia jirani ng'ambo ya barabara.

"Sijambo, baba. Njoo ukae!"

"Hapana, hapana. Wewe pumzika."

Akarudi nyuma hatua moja, akatazama kidogo, akaondoka. Mama mmoja wa kitanda cha pili alitikisa kichwa kwa huruma, na huruma hiyo ilimchoma Chiriku kuliko kuondoka kwenyewe. Alijifunika shuka mpaka saa za wageni zikaisha. Hakulia kwa sauti, maana mtu anayelia wodini huulizwa wapi panamuuma, na yeye hakuwa na mahali pa kuonyesha.

Kitanda cha dirishani, jirani na chake, kilikuwa na mtoto wa miaka saba ambaye hakutulia hata akiwa na homa. Alipanda vyuma vya kitanda, alining'inia, alijaribu kuingia ndani ya kabati la dawa. Wakamwita Tumbili. Naye alikuwa na pumu, naye aliangukia kichupa. Mama yake hakuondoka kando yake. Usiku alilala kwenye mkeka chini ya kitanda, na mchana alimsuka nywele. Wakati wa kusuka ndipo Chiriku alipogeukia ukuta.

Tumbili alimpenda Chiriku kupita kiasi. Chiriku akinywa chai kwa kijiko, Tumbili naye alitaka kijiko. Chiriku akilalia ubavu wa kushoto, Tumbili naye hugeuka. Kwa hiyo jioni, baada ya kile kipimo cha asubuhi, Dada Puliza alipompelekea bomba, Tumbili alisema kwa fahari, "Leo napuliza kama dada Chiriku!"

"Vizuri sana. Dada yako anajua."

Tumbili akatunisha mashavu, akakunja uso, akaibana pumzi. Lakini hakuwa na ujanja wa kuipima. Iliyotoka isingezima hata kiberiti. Kishale kilisogea kidogo, kikaishia jirani na nyekundu.

Dada Puliza alimwambia apulize tena. Ikawa vilevile. Mara ya tatu, vilevile. Chiriku aliona yote kutoka kitandani kwake. Alijitia hamnazo, akafungua kitabu na kukisoma bila kugeuza ukurasa.

Asubuhi iliyofuata Tumbili alipuliza namna ileile. Baada ya chai alikuja daktari wa utafiti, mwanamke mfupi ambaye watoto walimwita Daktari Miwani, kwa sababu daima aliitafuta miwani iliyokuwa kichwani pake. Alimsikiliza Tumbili kifua mbele na nyuma, akamwekea kibanio cha kidoleni kinachopima hewa katika damu, akasimama akifikiri.

"Kifua kinaniambia jambo zuri na bomba linaniambia jambo baya," alimwambia Dada Puliza. "Jana asubuhi alikuwa anakaribia kijani. Leo yuko mlango wa nyekundu."

"Nimempima mara tatu tatu, daktari. Bomba ni zima."

"Basi siwezi kubahatisha na mapafu ya mtoto. Sheria yetu ni kwamba akishuka hivi tunamtoa kwenye kichupa na kumpa dawa ya mshipani. Tuandalie dripu." Akashusha sauti, lakini wodi haina siri. "Na huyu wa ukutani naye hasogei. Wawili wa kichupa, vitanda vinavyopakana. Huenda tulijidanganya. Huenda kichupa hakiwafai watoto."

Mama yake Tumbili alishika kichwa. "Lakini usiku kucha alilala vizuri, daktari! Hakukohoa hata mara moja!"

"Najua, mama. Ndiyo maana nami nimechanganyikiwa."

Likaja sinia la chuma lenye pamba, utepe na sindano. Tumbili alipoliona tu, macho yalimtoka pima. Alipanda juu ya mto, akaukumbatia ukuta, akapiga yowe lililowanyamazisha hata watoto waliozoea kulia wenyewe. "Sitaki! Mimi sitaki! Nimepuliza vizuri! Nimepuliza kama dada!"

Chiriku alijifunika shuka. Alijiambia kwamba sindano moja haiui mtu. Alijiambia kwamba akisema, Dada Puliza hataketi tena kitandani kwake, si leo wala kesho, na atakuwa na haki. Pale chini ya shuka kulikuwa na joto, na pumzi yake mwenyewe aliisikia ikiingia na kutoka, safi, ndefu, bila kizuizi chochote. Ilimtia aibu kuisikia.

Akapiga moyo konde, akalitupa shuka.

"Msimchome!"

Wote waligeuka.

"Hajaugua," alisema Chiriku. "Ameniiga mimi. Mimi huwa napuliza nusu. Nimedanganya siku zote. Msimchome, tafadhali. Mimi ni mzima, naye ni mzima."

Dada Puliza aliliweka sinia mezani polepole sana.

"Kila siku nilikuuliza," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kila asubuhi. "Kila siku nilikuuliza kama unaniruhusu. Ungesema hapana, ningeondoka bila neno. Kwa nini uliniambia ndiyo kisha ukanipa uongo?"

Chiriku alilia sasa, kwa sauti, bila kujali. "Kwa sababu nikipona utaacha kuja! Nitarudi nyumbani, na nyumbani hakuna mtu wa kuniuliza kitu. Baba hanitaki. Alikuja Jumapili akakataa hata kuingia. Kila mtu alimwona!"

Daktari Miwani alikuwa amefungua mdomo ili amkaripie. Aliufunga. Alimgeukia Tumbili kwanza, maana mtoto alikuwa bado ameng'ang'ania ukuta. "Shuka, mwanangu. Hakuna sindano. Hebu puliza kama wewe mwenyewe, si kama dada. Puliza kama unanipeperusha mimi nitoke nje ya hii wodi!"

Tumbili alishuka kwa tahadhari, akalishika bomba, akapuliza kwa hasira zote alizokuwa nazo. Kishale kiliruka mpaka jirani na kijani. Mama yake aliketi chini kwenye mkeka wake, akacheka na kulia kwa pamoja.

Dada Puliza alitoka nje na simu yake. Alikaa huko kwa muda. Aliporudi, uso ulikuwa umelainika.

"Chiriku, nisikilize. Sijui kama ulijua hili. Nimezungumza na muuguzi wa zamu ya usiku, naye anasema baba yako hupita hapa kila alfajiri akitoka kazini. Husimama pale mlangoni, huuliza umelalaje, hukutazama ukiwa usingizini, kisha huondoka. Amekataza usiamshwe. Nimempigia simu. Anakuja."

Chiriku alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua.

Baba alikuja mchana, saa ambazo kwa kawaida yuko katikati ya usingizi. Macho yalikuwa mekundu, nywele zilikuwa bado na maji, na alivaa shati lake la sherehe. Akasimama mlangoni, palepale pa Jumapili.

"Ingia, baba," alisema Daktari Miwani.

"Nimeoga mara mbili, daktari," alisema baba. "Lakini sijui kama inatosha. Niliambiwa siku ya mapokezi kwamba vumbi la unga ndilo linalomkaba. Na mimi ni unga mtupu, daktari. Masikioni, kwenye kucha, kila mahali. Nikamkumbuka alfajiri ile alivyobanwa, nilikuwa nimetoka kazini, nimembeba kifuani, na kadiri nilivyomkumbatia ndivyo alivyozidi. Nikajua kwamba ugonjwa wenyewe ni mimi."

Daktari alivua miwani yake, ambayo safari hii ilikuwa mahali pake, akaifuta. "Hilo ni kosa letu. Tulikuambia habari za unga tukanyamaza hapo. Unga ni wa nguo na nywele, baba, na hutoka kwa maji na sabuni. Acha nguo za kazi hukohuko kazini, oga kabla hujarudi nyumbani, na mkumbatie mwanao upendavyo. Hakuna utafiti wowote duniani uliosema baba akae mlangoni."

Baba aliingia. Alivuka wodi kwa hatua za mtu anayehofia kuvunja kitu, akaketi ukingoni mwa kitanda, na Chiriku akajitupa kifuani pake. Shati lilinuka sabuni ya kufulia. Hakukohoa.

"Nilidhani hunitaki," alisema.

"Na mimi nilidhani nakulinda," alisema baba. "Kumbe nilikuacha peke yako."

Walikaa hivyo. Kisha Daktari Miwani akavuta kiti, na uso wake ukawa wa mwalimu.

"Chiriku, umesema kweli wakati kusema kweli kulikuwa kugumu, na umemwokoa mwenzako na sindano asiyoihitaji. Hilo nalishukuru. Lakini nataka ulijue na hili lingine. Sisi tunaotibu hatuoni ndani ya kifua cha mtu. Tunategemea mgonjwa atuambie kweli, kwa mdomo wake na kwa pumzi yake. Ulipotupatia nusu ya pumzi, nilikaribia kuandika kwamba kichupa hakifai. Maneno yangu yangesomwa na madaktari wengine, na huko mbali, kwenye kituo kisicho na umeme, mtoto ambaye hutamjua kamwe angebanwa na pumu, na hakuna ambaye angempa kichupa. Uongo wako ulikuwa mdogo ukiwa hapa kitandani. Ungekuwa mkubwa ukifika kwake."

Chiriku aliinamisha kichwa. "Nisamehe, daktari. Mtazifuta namba zangu?"

"Hatufuti. Tutaandika pembeni yake kwamba si za kweli, na tutaanza upya, ukikubali. Na jambo la pili, hili ni la maisha yako yote: ukiwa mpweke, sema kwamba u mpweke. Usijifanye mgonjwa ili upate mtu wa kukaa nawe. Tutakutibu mapafu ambayo hayaumwi, na upweke utabaki palepale kwa sababu hakuna aliyeujua."

"Na mimi?" aliuliza Tumbili kutoka dirishani. "Mimi nimefanya kosa gani?"

"Wewe umeiga bila kuuliza," alisema daktari. "Lakini nawe tutazungumza ukishuka juu ya hilo kabati."

Dada Puliza alikuja na bomba. Alisimama kidogo kabla ya kuketi, na Chiriku aliona kusita huko, akaelewa kwamba kuna vitu havirudi siku hiyohiyo. Lakini aliketi.

"Unaniruhusu?"

"Nakuruhusu, dada. Na leo ni kweli."

Alivuta pumzi mpaka tumbo likajaa. Hakutunisha mashavu, hakukunja uso. Akaiachia yote. Kishale kilipita mstari wa kijani, kikaenda mbele yake, kikasimama mahali ambapo hakijawahi kufika. Watoto wa wodi nzima wakapiga makofi. Jioni alipopimwa tena, kilifika palepale.

Chiriku alilitazama bomba muda mrefu.

"Ndiyo kusema kesho naenda nyumbani," alisema.

"Ndiyo," alisema baba, ambaye hakuwa ameondoka. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi alikuwa ameomba ruhusa ya usiku mmoja. "Hutaki?"

"Nataka. Lakini naogopa kidogo."

Baba aliutazama mkono wake mkubwa uliokuwa juu ya shuka, kisha akautazama uso wa mwanawe.

"Hata mimi naogopa," alisema. "Hizi siku zote nikirudi asubuhi nafungua mlango, nyumba kimya, nalala na viatu. Sikujua kama inaruhusiwa mtu mzima kusema hivyo."

"Inaruhusiwa," alisema Chiriku. "Daktari amesema."

Akasogea upande mmoja wa kitanda, baba akapata nafasi ya kuegemea, na wakaanza kupanga, kwa sauti ya kawaida, saa ambazo kila siku wote wawili watakuwa macho.